Uzani wa Mtoto katika Njia ya Babati

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na Arusha mwaka 2002, umekaa baina ya mlima Kwaraa na ziwa lenye jina moja na mji wenyewe, mahali ambapo njia itokayo Dodoma na Kondoa hukutana na njia itokayo Singida, zikawa njia moja ielekeayo Magugu, Minjingu na Arusha. Kwa sababu hiyo mahali hapa, hata kabla hapajaitwa mji, palikuwa ni pa kupita na pa kupumzikia, na tarikhi yake, kwa atakayeichunguza, ni tarikhi ya mizigo na wachukuzi: waliochukua kwa mabega, waliochukua kwa punda, waliochukua kwa malori na mabasi, na leo wanaochukua kwa magari madogo yaendayo mbio juu ya lami. Kila mchukuzi katika hao alikuwa na kiasi chake ambacho hakifai kupitwa, na kila alipoondoka mchukuzi mmoja na kuja mwingine, watu walilazimika kujifunza kiasi kipya, aghalabu baada ya hasara. Katika mizigo yote iliyopita hapa, hakuna uliokuwa na thamani kama mtoto, wala hakuna ambao kiasi chake kimechelewa kujulikana kama yeye.

Katika zama za misafara, nchi hii ya Wagorowa, iliyojulikana kwa wapitaji kwa jina la Ufiome, ilikuwa karibu na njia ya wafanyabiashara waliotoka pwani kwenda Irangi, Umbugwe na kwingineko kutafuta pembe za ndovu. Mzigo wa pagazi haukukadiriwa kwa dhana. Ulipimwa kwa ratili na frasila, na frasila moja ilikuwa ratili 35, ambazo kwa hesabu ya leo ni karibu kilo 16. Aghalabu pagazi mzima mwenye afya alitwikwa ratili 60 hadi 70, yaani frasila mbili au pungufu kidogo, na kiongozi wa msafara aliyekuwa na akili alijua kwamba akizidisha hapo, ataokoa ujira wa mtu mmoja leo na kupoteza mtu na mzigo kesho kutwa, katikati ya pori. Basi mizani ilikuwa ni sehemu ya safari tangu kabla ya safari kuanza, na mapagazi wenyewe, waliokuwa watu wa heshima katika kazi yao, hawakuona haya kuugomea mzigo uliopita kiasi.

Lakini katika misafara hiyohiyo walikuwamo wanawake waliowafuata waume zao, wakiwa wamejitwika vyungu na mikeka, na juu ya hayo wameeleka watoto mgongoni, na mtoto huyo hakuandikwa katika hesabu ya frasila yoyote. Uzani wake uliachiwa mama aujue kwa mgongo wake mwenyewe. Na kweli mama aliujua. Wanawake wa Kigorowa, wa Kiiraqw na wa Kibarbaig waliwafunga watoto wao kwa ngozi iliyolainishwa kwa mafuta, na nguo za dukani zilipoingia, kanga na vitenge vikashika nafasi ya ngozi, ila maarifa yenyewe yakabaki yaleyale: mtoto hukalishwa mahali penye nguvu katika mwili wa mchukuzi, miguu yake ikazunguka kiuno, mbeleko ikapita chini ya makalio na juu ya mgongo wake wote, kisha fundo likakazwa kifuani, hata mama anapoinama kuchota maji ziwani au kupanda mteremko wa Bonga, mtoto asitengane naye. Wala mbeleko haikuwa ya milele. Mtoto alipokuwa mzito, au mdogo wake alipozaliwa, alishushwa na kufundishwa kwenda kwa miguu au kwa kushikwa mkono, na hakuna aliyesema kwamba mama amemdhulumu, kwa kuwa ilifahamika kwamba mgongo una kiasi chake.

Tukiyaangalia maarifa hayo kwa makini tutaona kwamba yalikuwa na nguzo tatu: mtoto afungwe na kitu kilicho imara kuliko yeye, mfungo ushike mwili mzima na si kiungo kimoja, na uzani wake usipite uwezo wa kile kinachomshika. Nguzo hizi zilitosha kabisa kwa mwendo wa mtu atembeaye. Kilichokuja kuziharibu hakikuwa upungufu wa mapenzi ya wazazi, bali ni mwendo.

Mwendo huo haukuja siku moja. Mwezi Aprili mwaka 1916, katika vita vikuu vya kwanza, askari wapanda farasi wa Jenerali van Deventer walitoka Arusha wakapita Ufiome hata wakaingia Kondoa-Irangi, na mvua za masika zikawafunga nyuma, farasi wakafa kwa wingi na chakula kikawa hakifiki, ikadhihirika kwa kila mwenye macho kwamba nchi hii haina barabara ya kustahimili magurudumu. Baada ya vita, serikali ya Kiingereza ikaitengeneza njia iliyoitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyoungana na ile ndoto ya kuunganisha Rasi ya Tumaini Jema na Cairo, ikitoka Iringa, Dodoma, Kondoa na Babati hata Arusha na Namanga. Maduka yakaongezeka Babati, na malori yakaanza kupita yakiwa na mahindi, mbaazi, ngozi na abiria waliokaa juu ya magunia, akina mama wakiwa wamewapakata watoto wao na kushikilia kamba za turubai. Barabara ilikuwa ya udongo, yenye vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na ubovu wake, pamoja na taabu zote ulizoleta, uliwalazimisha madereva kwenda polepole.

Baada ya uhuru, malori yakapisha mabasi, na desturi ya kupakata ikawa kanuni ya safari isiyoandikwa. Mtoto mdogo hana siti. Hupakatwa na mzazi wake, naye hatozwi nauli. Kondakta akiona mtoto amekaa peke yake na abiria mzima amesimama, husema, “Mama, mpakate mtoto,” na mama humpakata bila ya kinyongo, kwa sababu katika macho ya watu wote mapajani mwa mama ndipo mahali salama kuliko pote duniani. Desturi hii ina huruma ndani yake, kwani imewawezesha mafukara kusafiri na watoto wao kwenda kutibiwa, kuzika na kuoza. Lakini ilizaliwa katika barabara ya matope, na barabara ile leo haipo tena.

Katika miaka ya mwanzo ya muongo wa 2010 njia ya Singida, Babati na Minjingu ilikamilika kwa lami, na mwaka 2018 ikazinduliwa barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, iliyojengwa kwa msaada wa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya Japani. Safari ambayo wazee waliihesabu kwa siku, na wakati wa masika kwa majaliwa, sasa huhesabiwa kwa saa. Hiyo ni neema kubwa, wala hakuna mtu wa Babati atakayetamani kurudi katika matope ya zamani. Hata hivyo neema hiyo imebadili uzani wa mtoto, na hili linahitaji kufafanuliwa kwa hesabu.

Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 katika kila sekunde. Likigonga kitu likasimama, na mwili wa aliyemo ukasimamishwa katika nafasi ya nusu mita, mwili huo huvutwa mbele kwa nguvu iliyo takriban mara 20 ya uzani wake. Mtoto wa kilo 10, ambaye mama humwinua kwa mkono mmoja, katika nukta hiyo huwa kama mzigo wa kilo 200, yaani zaidi ya frasila 12, mzigo ambao mkuu wa msafara angewagawia mapagazi sita. Na gari likiwa katika kilomita 80 kwa saa, nguvu hiyo huzidi tena mara mbili na nusu. Hakuna mkono wa mama, hata awe na mapenzi kiasi gani, uwezao kuushika mzigo huo. Aliyempakata mtoto bila ya kufunga mkanda humbana mtoto kwa uzito wa mwili wake mwenyewe, na aliyejifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto humfanya mtoto kuwa kati ya mkanda na mifupa ya mtu mzima. Hivyo nguzo zile tatu za mbeleko zimevunjika zote kwa pamoja, na sisi tumeendelea kuamini kwamba bado zimesimama.

Nchi zilizotangulia kuwa na barabara za kasi zilitangulia pia kuuonja msiba huu, na kutokana na msiba zikatafuta maarifa. Mwaka 1959 mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo nchini Sweden alitoa mkanda unaoshika mwili katika sehemu tatu, ukapita begani na nyongani. Lakini mkanda huo ulikatwa kwa kimo cha mtu mzima, na kwa mtoto hupita shingoni na tumboni, mahali palipo laini. Katika miaka ya 1960 Bertil Aldman, naye wa Sweden, alipoona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali ili mgongo wao wote upokee nguvu za chombo, alifikiria kiti cha mtoto kitazamacho nyuma, ili kichwa, shingo na mgongo vipokee mshindo kwa pamoja. Mwaka 1978 jimbo la Tennessee likawa la kwanza Marekani kuifanya faradhi kwa mzazi kumfunga mtoto katika kiti chake, kwa juhudi za tabibu wa watoto Robert Sanders. Na mwaka 1981 ikaja kanuni ya Umoja wa Mataifa, nambari 44, iliyogawa viti kwa uzani wa mtoto: hadi kilo 13 kwa wachanga, kilo 9 hadi 18 kwa wanaofuata, kisha 15 hadi 25, na mwisho 22 hadi 36.

Hata hivyo ikaonekana kwamba wazazi wengi hukifunga kiti vibaya, mkanda ukalegea au ukapita mahali pasipo pake, na kiti kilicholegea si kiti. Ndipo Shirika la Kimataifa la Viwango likaanza, mwaka 1990, kuandaa mfumo ulioitwa ISOFIX: fito mbili fupi za chuma, nene kama kidole cha mtoto, zilizochomelewa kwenye mwili wa gari na kujificha katika mwanya ulio kati ya egemeo na kikalio cha siti ya nyuma, zikiwa zimeachana kwa milimita 280, ili kiti cha mtoto kizikamate kwa makucha yake bila ya mkanda. Marekani ikaweka mfumo wake wa namna hiyo kwa jina la LATCH, ikawa lazima katika magari mapya kuanzia Septemba 2002, pamoja na kishikizo cha tatu kwa juu nyuma ya siti, kinachozuia kiti kisipinduke mbele.

Hapa ndipo mizani iliporudi katika safari. Vishikizo hivi vya chuma navyo ni wachukuzi, na vimejaribiwa kwa nguvu maalumu, si kwa nguvu yoyote itakayokuja. Mwanzoni watengenezaji wa magari walitofautiana: wengine wakasema mtoto asipite ratili 40, wengine 48. Kisha viti vyenyewe vikawa vizito zaidi, na watoto wakawa wanakaa ndani yake hadi umri mkubwa zaidi, ikafahamika kwamba kumpima mtoto peke yake ni hesabu pungufu, kwa sababu katika mgongano kishikizo huvutwa na mtoto na kiti kwa jumla. Kwa hiyo kanuni ya Marekani, iliyoanza kuonekana katika vibandiko vya viti mwaka 2014, ikaweka jumla ya mtoto na kiti kuwa ratili 65, sawa na kilo 29 na nusu. Na kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, ikaweka jumla hiyo kuwa kilo 33. Tazama jinsi hesabu hizi zinavyolikaribia lile tuliloliona katika misafara: ratili 60 hadi 70, frasila mbili au pungufu. Chuma cha karne hii na bega la pagazi wa karne ile vimekutana katika kiasi kimoja, na ingawa sababu zao ni mbalimbali, adabu yao ni moja, nayo ni kwamba mchukuzi hatwikwi kabla ya kupimwa.

Matumizi ya hesabu hii si magumu. Ikiwa kiti kina kilo 11 na kikomo ni kilo 29 na nusu, basi mtoto atakayeshikwa na vishikizo hivyo asizidi kilo 18 na nusu. Na kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, huo ni uzani wa kawaida wa mtoto wa miaka mitano. Akipita hapo, haina maana kwamba atolewe kitini. Maana yake ni kwamba kazi ya kukishika kiti sasa ihamishwe kutoka kwenye vile vyuma viwili hadi kwenye mkanda wa gari, ambao umetengenezwa kubeba mtu mzima, na kile kishikizo cha juu kitumike kama kitabu cha kiti na cha gari kitakavyoelekeza. Mwenye kudhani kwamba vyuma ni imara kuliko mkanda kwa kuwa ni vyuma, na akaendelea kuvitumia kwa mtoto mzito, amemtwika pagazi mmoja mzigo wa wawili.

Sasa turudi Babati. Magari madogo yanayoonekana katika mitaa ya mji huu, kama IST, Noah, Vitz na Probox, aghalabu yametumika Japani kabla ya kufika bandari ya Dar es Salaam. Japani iliifanya faradhi kiti cha mtoto aliye chini ya miaka sita tangu Aprili 2000, na vishikizo vya ISOFIX vikawa lazima katika magari mapya ya abiria nchini humo mwaka 2012. Kwa hiyo wako wenye magari hapa ambao nyuma ya siti zao zimo zile fito mbili, nao hawajapata kuzigusa wala kujua kazi yake; na wako wengine, wenye magari ya zamani zaidi, ambao hawanazo, nao yafaa wakifunge kiti kwa mkanda tangu mwanzo. Kibandiko kimeandikwa Kijapani, kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani au hakimo kabisa, na kiti chenyewe, kikinunuliwa cha mtumba, huwa mara nyingi kimebanduka karatasi iliyotaja uzani wake. Maarifa yamefika hadi Babati yakiwa ndani ya gari, lakini yamefika yakiwa bubu.

Sheria nayo ilichelewa kuyasemea. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, iliyotungwa wakati njia ya Babati ilipokuwa ya udongo, katika masharti yake ya mikanda ilimtazama dereva na aliyeketi mbele, ikamwacha mtoto wa siti ya nyuma bila ya kumtaja kiti. Jirani zetu wa Kenya, katika kanuni zilizoanza Februari 2004 chini ya waziri John Michuki, waliamuru mikanda katika mabasi madogo yaitwayo matatu na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na watu waliokuwa wakinung'unika wakazoea. Kwetu sisi wa ukanda huu, tarehe 6 Mei 2017 haitasahaulika, siku basi dogo la wanafunzi lilipotumbukia bondeni Rhotia, wilayani Karatu, wakafariki watu 35, na 32 kati yao wakiwa watoto wa shule. Mola awarehemu. Msiba huo ulikuwa na sababu zake, wala si haki kuufanya hoja ya kila jambo. Lakini ulitufundisha kwamba watoto wetu husafiri kwa mwendo wa watu wazima wakiwa na hifadhi iliyo chini ya hifadhi ya watu wazima, na funzo hilo halifai kusubiri msiba mwingine.

Haifai pia kusema kwamba jambo hili ni la matajiri wa miji mikubwa na kwamba watu wa Babati hawana maarifa ya kulishika. Hakuna maarifa yaliyoenea Babati kama maarifa ya kumpima mtoto. Katika Hospitali ya Mrara na katika zahanati za vijijini, akina mama huwapeleka watoto wao kila mwezi, mtoto akaning'inizwa katika mzani wa chemchemi wenye kikomo cha kilo 25, muuguzi akasoma, akaweka nukta katika kadi ya kliniki, na mama akaitazama nukta hiyo kama imepanda au imeshuka. Mama wa Gallapo asiyepata kuona kiti cha gari anajua mtoto wake ana kilo ngapi, na pengine anajua kwa uhakika kuliko mama wa nchi ile kilikotengenezwa kiti. Nusu ya hesabu inayotakiwa na vile vyuma imekwisha kuandikwa, tena kwa wino. Iliyobaki ni kuitoa kliniki na kuipeleka kwenye gari.

Kwa hiyo ziko kazi ambazo kila mmoja anaweza kuzishika. Mwenye gari na apapase mwanya wa siti yake ya nyuma ajue kama vishikizo vimo. Na anunuapo kiti, akitwae chenye kibandiko, kisichopata kuwamo katika ajali, kisha akipime kwa mizani ya dukani kama uzani wake haukuandikwa. Muuguzi wa kliniki, ambaye hutoa nasaha juu ya maziwa, chanjo na chandarua, na aongeze neno moja juu ya safari, kwa kuwa kiti kilichofungwa sawasawa, kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, huweza kupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa karibu asilimia 70. Wenye mabasi, ambayo ndiyo yanayochukua watoto wengi zaidi, na wazoee kumhesabu mtoto kuwa abiria mwenye siti na mkanda, hata kama nauli yake itakuwa ya huruma. Na wenye bodaboda waache kumbana mtoto katikati ya watu wawili kwa kudhani kwamba kubanwa ni kufungwa. Bunge nalo limtaje mtoto katika sheria kwa umri wake, kimo chake na uzani wake, kama linavyoitaja ekseli ya lori katika sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo kwayo gari zito lisipite tani 56, na likipita husimamishwa katika mizani likatozwa.

Taifa lililokubali kusimamisha lori la saruji ili barabara isiumie haliwezi kushindwa kumpima mtoto ili naye asiumie. Bibi zetu walimfunga mtoto kwa kitu kilicho imara, wakamshika mwili mzima, na wakamshusha alipozidi kiasi. Sisi tuliorithi mtoto yuleyule katika gari liendalo kilomita 80 kwa saa tunadaiwa mambo hayohayo matatu, na la tatu, ambalo ni kuujua uzani, ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote na ndilo tulilolisahau. Na lirudi katika desturi: kabla ya mlango wa gari kufungwa, kilo za mtoto na kilo za kiti zijumlishwe, na jumla hiyo iheshimiwe.